Gridi tatu ndogo za DC zimeunganishwa, lakini mzigo haugawanyiki: naomba ushauri

Mwalimu_Kisiwani:

Habari za jioni, ndugu zangu. Ninafundisha fizikia katika shule ya sekondari iliyopo kwenye kisiwa kidogo upande wa Ukerewe, na kwa kuwa hapa hakuna aliyesomea umeme, kamati ya kijiji imenikabidhi usimamizi wa sola yetu. Tuna gridi ndogo tatu za DC (umeme wa mkondo mnyoofu, kama wa betri), zote za volti 48, zilizojengwa kwa nyakati tofauti na kwa fedha za wafadhili tofauti. Ya shule ina paneli za kilowati 4 na betri ya uniti 20. Ya zahanati ina paneli za kilowati 2 na betri ya uniti 10, nayo ndiyo inayoendesha friji la chanjo na taa za chumba cha kujifungulia. Ya mwaloni, yaani ufukweni samaki wanaposhushwa, ina paneli za kilowati 3 na betri ya uniti 10, na inahudumia majokofu ya samaki pamoja na wavuvi wanaochaji betri za taa za dagaa. Betri zote ni za lithiamu aina ya LiFePO4, seli 16 kwa mfululizo, nazo zimefungwa moja kwa moja kwenye basba (vipande vya chuma vinavyokusanya nyaya zote za gridi).

Matumizi ya sehemu hizi tatu hayafanani hata kidogo. Mzigo wa mwaloni hufuata mwezi: siku za giza wavuvi wa dagaa hutoka kila usiku na betri zao hupanga foleni tangu asubuhi, ilhali mbalamwezi ikiwa kubwa haji mtu. Shule nayo, mwishoni mwa wiki na wakati wa likizo, betri yake hujaa kufikia saa tano asubuhi, na kuanzia hapo jua lote linapotea bure huku zahanati ikihesabu asilimia zilizobaki. Kwa sababu hiyo tulitandaza kebo ya shaba ya milimita 16 za mraba, mita 140 kutoka shule hadi zahanati na mita 90 kutoka zahanati hadi mwaloni, tukaunganisha basba kwa basba kupitia sakiti breka.

Matokeo yamenishangaza. Juzi saa nne usiku betri ya shule ilikuwa asilimia 75 na ya zahanati asilimia 30, lakini mkondo uliokuwa ukipita kwenye kebo kutoka shule ulikuwa ampea 2 tu. Volteji ya shule ilikuwa 53.1 na ya zahanati 52.5. Mchana hali hubadilika, kwani kidhibiti chaji cha shule kinapofikisha volti 56 wakati zahanati iko 53.4, mkondo hupanda hadi karibu ampea 9. Kwa nini usiku, wakati msaada unahitajika zaidi, mzigo haugawanyiki kulingana na uwezo wa kila gridi? Je, tuongeze unene wa kebo? Fundi mmoja ametuambia tuweke volteji moja kwenye vidhibiti vyote na tatizo litakwisha.

FundiSola_Mwanza:

Mwalimu, hongera kwa kuja na vipimo, kwa sababu vyenyewe vina jibu. Ukinzani wa shaba ni takribani omu 0.0172 kwa kila mita ya waya wenye milimita moja ya mraba. Mkondo unakwenda na kurudi, hivyo mita 140 zinakuwa 280. Ukigawanya kwa 16 unapata takribani omu 0.3. Tofauti ya volti zako ilikuwa 0.6, na 0.6 ukigawanya kwa 0.3 ni ampea 2. Kebo imefanya kile ambacho kanuni ya Ohm inaidai ifanye. Haina habari ya asilimia 75 wala 30. Inachokisikia ni tofauti ya volti tu.

Shida ni kwamba betri za LiFePO4 zina volteji iliyolala. Kati ya asilimia 30 na 75 seli moja hubadilika kwa sehemu ndogo sana ya volti, na hata ukizidisha kwa seli 16 hufikii volti moja. Betri za risasi na asidi zingesema zaidi: betri ya volti 12 iliyojaa hutulia kwenye 12.7 na ikifika nusu huwa karibu 12.2, hivyo mfumo wa volti 48 ungekupa tofauti ya volti 2, na kebo hiyohiyo ingepitisha karibu ampea 7. Sisemi mrudi kwenye risasi, maana lithiamu ina faida zake nyingi, lakini mmepoteza mjumbe aliyekuwa akipeleka habari ya hali ya betri kutoka upande mmoja hadi mwingine.

Kuhusu kebo nene: ukiweka ya milimita 35 za mraba, ukinzani unashuka hadi omu 0.14 hivi, na usiku ule ungepata ampea 4 na kidogo. Mngenunua shaba zaidi ya maradufu ili kuongeza wati 120. Mimi nisingefanya hivyo.

Na kuhusu volteji moja kwenye vidhibiti vyote, ushauri huo unatokana na mazoea ya umeme wa AC (mkondo geu, kama wa gridi ya taifa), nao ukihamishiwa kwenye DC unapotosha. Katika AC jenereta au inveta kadhaa zinaweza kugawana mzigo kwa kutumia frikwensi, kwa sababu frikwensi mfumo ukitulia huwa moja kila mahali, uwe karibu na chanzo au mwisho wa kijiji. Mashine zote husoma namba ileile na kila moja hubeba sehemu yake. DC haina frikwensi. Ina volteji peke yake, na volteji hupungua kadiri unavyotembea kwenye waya. Gridi mbili zikiwekwa kwenye volteji ileile, kila moja italisha mzigo wake na hakuna kitakachovuka kebo mpaka moja yao ianze kuzidiwa.

Njia inayotumika sana kwenye DC ni ile ya mshuko: kila chanzo hupangwa kishushe volteji yake kidogo kadiri mkondo unavyoongezeka, kana kwamba ndani yake kuna ukinzani wa kubuni. Chanzo kinachobeba mzigo mwingi hushuka zaidi, jirani yake akabaki juu, na mzigo ukaanza kuhamia kwa jirani bila waya wowote wa mawasiliano. Ni njia nzuri pale ambapo vyanzo viko chumba kimoja. Lakini chukua mfano wenu. Tuseme vyanzo viwili vya volti 48, kila kimoja kina mshuko wa omu 0.1, na mzigo wa ampea 20 uko zahanati. Chanzo cha zahanati kina omu 0.1 mbele yake. Cha shule kina 0.1 na 0.3 ya kebo, jumla 0.4. Badala ya kugawana kumi kwa kumi, zahanati itabeba ampea 16 na shule 4. Ukitaka kuifunika kebo kwa kuongeza mshuko hadi omu 1, mgawanyo unakuwa mzuri zaidi, yaani 11.3 kwa 8.7, lakini volteji ya zahanati imeshuka hadi chini ya 37 na friji limezima. Hapo ndipo ugumu wote wa jambo hili ulipo: ukitaka mgawanyo wa haki unaharibu volteji, na ukiilinda volteji unaharibu mgawanyo.

Mhandisi_Mstaafu:

Nakubaliana na Fundi kuhusu chanzo cha tatizo, na ninaongeza kwamba lililokosewa hapa ni wazo la kuunganisha basba kwa basba. Gridi tatu zilizounganishwa hivyo zinakuwa gridi moja ndefu yenye betri tatu zilizofungwa sambamba, na anayeamua mkondo upite wapi ni ukinzani wa waya. Kinachotakiwa ni kuweka kati ya kila gridi mbili kigeuzi cha DC kwenda DC chenye uwezo wa kupitisha nguvu pande zote mbili, kikiamriwa kiasi cha wati cha kupitisha. Kila gridi ibaki na volteji yake, na kigeuzi kiwe mlango kati yao.

Jambo hili si geni katika ukanda wetu, ila kwa ukubwa mwingine. Laini ya DC ya kilovolti 500 kutoka Wolayta Sodo nchini Ethiopia hadi Suswa nchini Kenya, yenye urefu wa takribani kilomita 1,045 na iliyoanza kuipelekea Kenya umeme mwaka 2022, hufanya kazi hiyohiyo. Kiasi cha umeme kinachovuka mpaka huamuliwa na vituo vya ugeuzi vilivyo kwenye ncha zake, na gridi za nchi mbili hazilazimiki kufanana. Kwa ukubwa unaokaribia wenu, kule Okinawa nchini Japani taasisi ya OIST pamoja na maabara ya Sony waliunganisha nyumba 19 za wafanyakazi, kila nyumba ikiwa na betri yake na kigeuzi chake kwenye laini ya pamoja ya DC, zikibadilishana nishati kulingana na hali ya betri. Nchini Bangladesh kampuni ya SOLshare imeunganisha nyumba za vijijini zenye sola ndogo ili mwenye ziada amuuzie jirani yake. Katika mifano yote hii kuna kifaa cha kuamua. Hakuna aliyeiachia shaba iamue.

Sasa kanuni ya kigeuzi chenyewe. Kisome kiwango cha chaji cha pande zote mbili kwa asilimia, siyo volti wala uniti, ili betri kubwa na ndogo zilinganishwe kwa uwiano wake. Tofauti ikiwa chini ya asilimia 10 kisifanye lolote, vinginevyo kitakuwa kinarusha nishati huku na huko usiku kucha na kuichoma njiani. Ikizidi hapo, kipitishe wati 20 kwa kila asilimia iliyozidi, mpaka kikomo cha wati 1,000. Usiku ule tofauti ilikuwa 45. Ukiondoa 10 zinabaki 35, hivyo kingepitisha wati 700. Kwa saa ya kwanza betri ya shule ingepungua asilimia 3.5 kwa ajili hiyo, na zahanati, baada ya kutoa hasara za njiani, ingepokea kiasi cha zaidi ya asilimia 6 ya betri yake. Huo ndio mgawanyo kulingana na uwezo uliouuliza.

Kebo yenu haijapotea, mnaweza kuitumia tena kwa volteji ya juu zaidi. Wati 1,000 kwa volti 48 ni ampea 21 hivi, na kwenye omu 0.3 mnapoteza wati 130 pamoja na zaidi ya volti 6. Mkipandisha hadi volti 110 upande mmoja na kushusha upande wa pili, mkondo unakuwa ampea 9 na hasara ya waya wati 25. Kwa volti 380 hasara ya waya ni wati 2 tu, lakini mimi ningebaki 110. Viwango vya kimataifa vya umeme vya IEC huweka volti 120 za DC tulivu kuwa mpaka wa juu wa volteji ya chini sana, na kebo yenu inapita shambani ambako watu wanalima na watoto wanacheza.

Nisifiche upande wa pili wa hesabu. Vigeuzi viwili vyenye ufanisi wa asilimia 95 kila kimoja hupoteza karibu wati 100 kwenye kila 1,000. Kwa hiyo jumla ya hasara haitakuwa ndogo sana kuliko ya sasa. Mnachonunua ni uwezo wa kuamua nani ampe nani, lini na kiasi gani. Zahanati yenye friji la chanjo inahitaji uwezo huo hata ukigharimu wati chache.

Zuhura_Umeme:

Naomba kabla ya mambo ya vigeuzi tuzungumzie usalama wa kilichopo sasa hivi, kwa sababu maelezo ya mwalimu yamenitia wasiwasi.

Mwalimu, kebo yako ina betri kila ncha. Jembe likiikata katikati, kila upande una takribani omu 0.15 tu hadi kwenye betri, hivyo zaidi ya ampea 300 zitamiminika kutoka kila upande. Breka moja haitoshi. Ile betri ya ng'ambo itaendelea kulisha hitilafu. Lazima pawe na fyuzi ya DC kwenye ncha zote mbili za kila kebo, karibu kabisa na basba.

Pili, nenda kaangalie breka mlizofunga. Kama ni za AC, ziondoe. Mkondo wa AC wa hezi 50 hupita kwenye sifuri mara 100 kwa sekunde, na kila inapopita cheche hupata nafasi ya kuzimika. DC haipiti kwenye sifuri, hivyo cheche hushikilia mpaka ikaunguza breka. Kama ni za DC, angalia kama zina alama ya kujumlisha na kutoa. Zenye alama hizo huwa na sumaku inayosukuma cheche kuelekea kwenye chemba ya kuizimia, na sumaku hiyo imepangwa kwa mkondo wa upande mmoja. Kwenye kebo ya kuunganisha gridi mkondo hugeuka, mchana uende huku na usiku urudi kule, na mkondo ukigeuka sumaku huivuta cheche upande usio wake. Breka ya namna hiyo inaweza kuwaka moto siku itakayotakiwa kukata. Tafuta zisizochagua upande.

Tatu, je, taa za zahanati hucheza majokofu ya mwaloni yanapowaka?

Mwalimu_Kisiwani:

Nawashukuru sana. Nimetoka kuangalia: breka zote nne ni za DC na zote zina alama ya kujumlisha na kutoa. Nimezizima mchana huu mkondo ulipokuwa karibu na sifuri, na gridi zimetengana hadi tutakapopata zinazofaa pamoja na fyuzi za ncha zote.

Ndiyo, dada Zuhura, taa hucheza, na majokofu mawili yakiwaka kwa pamoja hata inveta ya mwaloni hulia. Nilidhani ni betri kuchoka.

Nina maswali mawili. Fedha tuliyonayo inatosha jozi moja ya vigeuzi. Tuanze na kebo ipi? Na mawasiliano yakikatika kati ya shule na zahanati, kigeuzi kitajuaje la kufanya?

Zuhura_Umeme:

Hilo la taa lina maelezo yake. Inveta ya majokofu, chaja za betri za wavuvi na taa zenye saketi ya kudhibiti mwanga hudai wati zilezile hata volteji ikishuka. Wati 1,000 kwa volti 53 ni karibu ampea 19. Volteji ikishuka hadi 46 zinakuwa karibu 22. Yaani volteji inaposhuka mzigo unavuta zaidi, na kuvuta zaidi kunaishusha tena. Kebo ndefu ikiwa kati ya betri na mizigo ya namna hii, volteji inaweza kuanza kuyumba yenyewe bila kutulia. Dawa ni betri ya mwaloni iwe karibu na majokofu kwa waya mfupi na mnene, kapasita kubwa kwenye mlango wa inveta, na majokofu yapishane kuwaka kwa kipima muda. Kwa kuwa umeshazitenganisha gridi, angalia kama taa za zahanati zimetulia. Zikitulia, utajua mtikisiko ulikuwa ukisafiri kwenye kebo. Hii nayo ni sababu ya kutumia vigeuzi, hasa vile vyenye transfoma ndani vinavyotenganisha pande mbili: hitilafu ya mwaloni itabaki mwaloni.

Mhandisi_Mstaafu:

Mwalimu, anza na shule na zahanati. Ziada iko shule na uhai wa watu uko zahanati. Kebo ya mwaloni isubiri, na hata ikija, nguvu kutoka shule italazimika kupita kwenye basba ya zahanati, kwa hiyo weka sharti kwamba zahanati haitoi kitu kwenda mwaloni mpaka betri yake ipite asilimia 80. Bila sharti hilo, siku za giza wavuvi watainyonya zahanati bila wao wenyewe kujua. Kwa upande wa shule, isitoe ikifika chini ya asilimia 40, kwa sababu wanafunzi wa bweni wanasoma usiku.

Mawasiliano yakikatika, kigeuzi kirudi kwenye volteji peke yake na kiwe na msimamo wa tahadhari. Volteji haitakuambia kama betri ni asilimia 40 au 70, lakini kwenye ncha zake inasema kweli: seli 16 zikivuka volti 55 basi betri inakaribia kujaa au inachajiwa kwa nguvu, na zikishuka chini ya 51 inaelekea kuisha. Basi amri iwe fupi. Shule ikiwa juu ya 55, ipeleke wati 500 zahanati, isipokuwa kama zahanati nayo imevuka 55. Zahanati ikishuka chini ya 51, ipokee wati 500 mradi shule iko juu ya 52. Zaidi ya hapo kigeuzi kipumzike. Kwa umbali wa mita 140 tumia waya wa mawasiliano wa RS-485 uliotandazwa na kebo. Redio ni nzuri, lakini waya hauna betri ya kuisha.

FundiSola_Mwanza:

Kwa mwaloni mimi ningependekeza tofauti kidogo na Mhandisi. Badala ya kuipitisha nguvu kwenye basba ya zahanati, ile laini ya volti 110 iendelezwe hadi mwaloni na kila gridi iingie humo kwa kigeuzi kimoja. Gridi tatu zitakuwa na vigeuzi vitatu badala ya vinne, na nguvu ya kwenda mwaloni haitageuzwa mara nne. Katika laini hiyo mshuko wa volteji unafaa, kwa sababu hakuna friji wala taa iliyofungwa humo. Volti ikishuka kutoka 110 hadi 100 haimuumizi mtu, na kigeuzi cha kila gridi kinaweza kuinua au kushusha kiwango chake kulingana na asilimia ya betri yake. Tunaiachia laini ya kati iyumbe ili basba za gridi zitulie.

Na tafadhali, weka mita inayohesabu uniti za kwenda na za kurudi kwenye kila kigeuzi tangu siku ya kwanza. Wafadhili wenu ni tofauti na kamati zenu ni tofauti. Mwisho wa mwezi shule itauliza imetoa uniti ngapi, na ni vizuri namba iwepo ukutani kabla ya swali.

Mhandisi_Mstaafu:

Fundi yuko sahihi kuhusu idadi ya vigeuzi, nami naondoa pendekezo langu la kupitia basba ya zahanati. Sharti la asilimia 80 libaki palepale, ila liandikwe kwenye kigeuzi cha zahanati chenyewe.

Mwalimu_Kisiwani:

Nimeelewa, na nimeyaandika yote kwa ajili ya kikao cha kamati Jumamosi. Taa za zahanati zimetulia tangu nilipozima breka, kama dada Zuhura alivyotabiri. Tutanunua jozi ya kwanza kwa shule na zahanati kwa volti 110, yenye transfoma ndani, na tutaacha nafasi ya kigeuzi cha tatu. Nitaweka mita kwanza na kurekodi asilimia za betri zote tatu kila saa kuanzia mbalamwezi hii hadi giza lijalo, zikiwa bado zimetengana, ili vigeuzi vikifika tuwe na kitu cha kulinganisha. Nitarudi hapa na namba hizo.